Sayyid Barghash na Waya wa Chini ya Bahari

Mtu wa pwani akitajiwa jina la Sayyid Barghash bin Said, aghalabu hukumbuka maji. Hukumbuka mfereji ulioyatoa maji ya chemchemi shamba na kuyaleta mpaka mjini Unguja, watu wakateka bila ya kulipa hata pesa moja. Akishayataja maji, hulitaja jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa mwaka wa 1883. Na mwenye kuipenda tarikhi zaidi atautaja mwaka wa 1873, soko la watumwa lilipofungwa. Ni wachache wautajao waya.

Lakini waya ule, uliolazwa chini ya bahari baina ya Adeni na Unguja mwishoni mwa mwaka wa 1879, uliugeuza utawala wake kuliko jumba lolote alilolijenga. Athari zake zilifika hata kwenye kingo za mto Tana, kwa watu ambao hawakupata kumwona Sultani wala huo waya wenyewe. Basi leo, msomaji, tumtazame marehemu Sayyid Barghash kwa upande huo usiosimuliwa sana: mtawala aliyeipokea simu mapema, na mambo yaliyomfikia kwa njia yake.

KIJANA MWENYE HARAKA

Alizaliwa yapata mwaka wa 1837, mmoja katika watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, bwana wa Maskati na Unguja. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Mwaka wa 1856 alikuwa pamoja na baba yake ndani ya merikebu iitwayo Victoria, wakitoka Oman kurudi Unguja, Sayyid Said alipofariki dunia njiani karibu na Shelisheli. Desturi ya bahari ni maiti kuzikwa baharini. Barghash hakukubali. Aliuweka mwili wa baba yake, akaufikisha Unguja, akauzika usiku kwa siri, na usiku ule ule akajaribu kuitwaa ngome kabla habari haijaenea mjini. Hakufaulu. Ndugu yake Majid ndiye aliyekalia kiti.

Tazama jambo hili vizuri. Tangu ujana wake Barghash alijua kwamba mwenye kupata habari mbele ya wenziwe ana nguvu zaidi yao, hata kama hana askari. Usiku ule habari ilikuwa mikononi mwake peke yake, ikamponyoka.

Miaka mitatu baadaye, 1859, alijaribu tena, mara hii kwa silaha. Dada yake Bibi Salme, ambaye alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa karani wa njama. Nyumba ya Barghash ilizungukwa na askari, naye akatoka amejitanda nguo za kike katikati ya kundi la wanawake, akakimbilia shamba la Marseilles. Wanamaji wa Kiingereza wakamsaidia Majid, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

BOMBAY, NA WAYA ULIOKUFA

Alikaa Bara Hindi yapata miaka miwili. Wengi husema kwamba huko ndiko alikotoa mapenzi yake ya majumba makubwa na maji ya mfereji. Yumkini. Lakini Bombay ya siku zile ilikuwa na kitu kingine: nguzo za simu ya maandishi. Tangu 1854 mji ule uliweza kupeleka habari Calcutta kwa waya, mwendo ambao tarishi wa miguu aliutumia siku nyingi. Kijana aliyepoteza kiti kwa habari iliyomponyoka usiku mmoja hangeweza kupita chini ya nguzo zile bila ya kuziangalia.

Katika miaka hiyo hiyo, 1859 na 1860, Waingereza walijaribu kuiunganisha Misri na Bara Hindi kwa waya wa baharini. Waliutia Bahari ya Sham kutoka Suez mpaka Adeni, kisha wakaupitisha pwani ya Uarabuni, ukatua Maskati, ukaendelea mpaka Karachi. Waya ukafa upesi, na sababu ya kufa kwake inafaa kuelezwa, maana ndiyo siri ya kazi yote hii.

Waliulaza ukiwa umekazwa. Chini ya Bahari ya Sham si uwanja sawa. Kuna matuta ya matumbawe na mabonde baina yake. Waya uliokazwa hauwezi kushuka bondeni. Huning'inia baina ya tuta na tuta kama kamba ya kuanikia nguo. Kombe na chaza wakaushika, wakazaa juu yake, uzito ukazidi, chuma kikaliwa na kutu katika maji yale ya moto, mwisho ukakatika kwa uzito wake wenyewe. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewadhamini wenye hisa faida ya kila mwaka kwa miaka 50, nayo ikabaki kulipia waya uliokwisha kunyamaza. Ghali kama hiyo hufundisha. Tangu hapo kila mhandisi wa nyaya za bahari alijua kwamba waya haunyoshwi, bali hulazwa, na lazima uwe na ulegevu wa kutosha wa kufuata kila bonde.

KITI, TUFANI NA MKATABA

Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akatawazwa. Hakupewa muda wa kupumua. Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake. Mwaka uliofuata Waingereza wakamjia na mkataba wa kufunga soko la watumwa. Alikataa, akatishiwa kwamba manowari zitaifunga bandari yake, na tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi. Biashara ile ilikuwa dhuluma, na hapana wa kuililia. Lakini namna alivyolazimishwa ilimwonyesha mapema kwamba mambo ya Unguja yanakatwa mbali.

Mbali hapo ni mbali kweli. Simu iliyo karibu zaidi ilikuwa Adeni, ambako waya mpya wa Bombay ulifika mwaka wa 1870, umelazwa na meli kubwa kuliko zote za wakati ule, Great Eastern. Kutoka Adeni mpaka Unguja barua ilichukuliwa na meli ya moshi mara moja kwa mwezi, au jahazi likingoja kaskazi. Mwishoni mwa 1875 askari wa Khedive Ismail wa Misri waliteremka Barawa na Kismayu, bandari za Sultani. Sayyid Barghash, ambaye mwaka ule ule alikuwa amerudi safari ya London na kukaribishwa kwa heshima kubwa, ilimbidi aombe msaada kwa barua za meli na kungoja majibu hali adui amekaa nyumbani mwake. Wamisri waliondoka mwanzo wa 1876 kwa shinikizo la Uingereza. Lakini kungoja kule hakukusahaulika.

KWA NINI WAYA ULIKUJA

Tusimpe Sayyid Barghash sifa isiyo yake. Waya haukuja kwa ajili ya Unguja. Ulikuja kwa sababu ya Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Mfalme Cetshwayo liliwashinda Waingereza huko Isandlwana, na London haikupata habari ila tarehe 11 Februari, yapata siku 20 baadaye. Dola iliyojiona inatawala bahari zote ikaona aibu. Upesi ikatoa fedha za ruzuku, na Kampuni ya Simu ya Mashariki na Afrika Kusini ikaundwa ili kutandaza waya kutoka Durban mpaka Delagoa Bay, Msumbiji, Unguja, hadi Adeni. Jumla yake ilizidi maili za bahari 3,500, na kipande cha Unguja na Adeni peke yake kilizidi 1,800.

Alichokifanya Sayyid Barghash ni kufungua mlango. Aliipa kampuni kisiwa cha Bawe, kile kisiwa kidogo kinachoonekana magharibi ya mji wa Unguja, kiwe kituo chake. Mtawala mwengine angaliona hatari na kuchelewesha mambo kwa mwaka mzima wa barua. Yeye hakuchelewesha.

NAMNA WAYA ULIVYOLAZWA

Hapa ndugu msomaji huenda akauliza: waya wa maili 1,800 huchukuliwaje, na huteremshwaje pima 1,000 na zaidi bila ya kukatika? Baharia wa jahazi anayo nusu ya jawabu. Ajua kwamba amari ya nanga haiachiwi iende kwa uzito wake. Huzungushwa mara mbili tatu penye gogo na kulegezwa kidogo kidogo, la sivyo itamchoma mikono na kumtoka yote. Waya wa bahari ni amari isiyo na nanga, na meli haisimami.

Moyo wa waya ni shaba nyekundu, njia ya umeme. Shaba ilivikwa utomvu wa mti wa nchi za Malaya uitwao gataparcha, ambao hulainika kwa moto na kukaza ukiwa baridi, na maji ya bahari hayaupenyi. Juu ya utomvu zikaja nyuzi za katani, na juu ya katani nyuzi za chuma zilizosokotwa pamoja na lami. Sehemu ya pwani ilikuwa nene mno, kwa kuwa huko kuna miamba, mawimbi na nanga za watu. Sehemu ya kilindini ilikuwa nyembamba, maana kilindini hapana wa kuisumbua, na wepesi ndio usalama wake. Hata hivyo kila maili moja ilikuwa na uzito wa tani moja au zaidi. Fanya hesabu mwenyewe.

Mzigo huo uliingizwa katika matangi makubwa ya mviringo ndani ya meli. Watu walisimama ndani ya tangi wakauzungusha waya kwa mikono, kutoka ukingoni kwenda katikati, safu juu ya safu, kama mkeka unaosukwa, kazi ya majuma mengi. Katikati ya tangi kulisimama pia ya chuma, ili waya ukitoka kwa kasi usijifunge fundo. Kisha matangi yakajazwa maji, maana gataparcha ikikaushwa na joto huharibika.

Siku ya kulaza, waya ulipanda kutoka tangini, ukazunguka mara kadhaa kwenye gurudumu kubwa lenye breki, ukapita chini ya chombo cha kupimia mkazo, ukashuka baharini kwenye kapi la tezi. Breki ndiyo roho ya kazi. Ikikazwa mno, waya hukatika. Ikilegezwa mno, waya hukimbia wenyewe kwa uzito wa ule ulio majini, na hapana nguvu ya mtu itakayouzuia. Kwa hiyo mtu mmoja alisimama penye breki usiku na mchana akitazama kipimo, na kila meli ilipoinuliwa na wimbi alilegeza, iliposhuka akakaza.

Jambo la ajabu ni sura ya waya ukiwa majini. Mtu hudhani kwamba unaning'inia kama mkufu shingoni, umepinda katikati. Mtaalamu wa Glasgow, William Thomson, alionyesha kwa hesabu kwamba sivyo. Meli ikiwa katika mwendo wake, waya hulala majini karibu kama mstari ulionyoka, umeinama kidogo sana, ukishuka polepole kwa kuwa maji yanaukinza ubavuni. Penye kina cha maili mbili, mahali waya unapogusa mchanga ni maili nyingi nyuma ya meli, na kila pima ya waya hutumia zaidi ya saa mbili kufika chini. Mwenye breki hufanya kazi leo juu ya bonde ambalo meli imekwisha lipita zamani.

Kwa sababu hiyo ilibidi bildi itangulie. Njia yote ilipimwa kina, na kwa vipimo hivyo ikaamuliwa waya utoke kwa kasi gani kuishinda kasi ya meli. Meli ikienda maili 100, waya uliotoka ulikuwa maili 110, kupungua au kuzidi kidogo kwa kadiri ya mabonde. Ziada hiyo ndiyo ulegevu waliokosa watu wa Bahari ya Sham. Na si kwa kulala vizuri tu. Waya ukikatika siku za usoni, meli ya matengenezo huukokota kwa kulabu na kuuinua, na usipokuwa na ulegevu hauinuki, hukatika tena mkononi.

Muda wote huo umeme ulipita ndani ya waya, kutoka melini mpaka nchi kavu na kurudi, wakipimana kila dakika. Tundu dogo kama la sindano katika gataparcha lilitosha kuua maili 1,800. Kipimo kikionyesha kasoro, meli husimama, waya hukatwa, hupelekwa omoni na kuanza kuvutwa kurudi, pengine mchana kutwa, mpaka kasoro itoke majini. Na ncha ya pwani ilipofika zamu yake, meli haikuweza kusogea kwa ajili ya miamba. Waya uliegeshwa juu ya mashua na mapipa, ukavutwa na watu mpaka mchangani.

Msidhani kwamba ugumu huu umekwisha na wazee wale. Jirani zetu wa Ngomeni waliona Waitaliano wakirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, katika ghuba ya Ungwana, tangu 1967 mpaka 1988. Mwaka wa 1992 Waitaliano hao pamoja na Wamarekani walijaribu kukining'iniza chombo angani kwa kamba ya kilomita 20 kutoka chombo cha Atlantis. Kamba ikakwama baada ya mita 256 tu, kwa sababu ya bolti iliyojitokeza kwenye mtambo wa kuifungulia. Mwaka wa 1996 wakarudia kwa chombo cha Columbia. Kamba ikaenda kilomita 19.7, ikiwa imebakia kama kilomita moja kumalizika, ikakatika. Ganda lake lilikuwa na kasoro, umeme ukapenya na kuiunguza. Tundu la sindano, kama lile la gataparcha.

HABARI ZILIZOPITA

Desemba 1879 waya wa Adeni ulikamilika, na Unguja ikawa saa chache tu kutoka London. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaweza kujua bei ya karafuu na pembe Bombay kabla ya kupakia shehena. Maulamaa katika nchi nyingi za Kiislamu wakaingia katika mjadala mpya, kama habari ya mwezi iliyoletwa na waya yatosha kufungia na kufungulia, na mjadala huo uliendelea miaka mingi. Sayyid Barghash mwenyewe alizidi kuupamba mji. Alileta mtambo wa kupigia chapa, vitabu vya fikihi ya Kiibadhi vikachapwa Unguja, na mwaka wa 1883 Beit al-Ajaib ikasimama.

Kisha ukaja mwaka wa 1885. Mjerumani Carl Peters alikuwa amepita bara nyuma ya Bagamoyo, akiwatilisha wakuu alama katika karatasi, na Februari Kaisari akazipokea nchi zile chini ya himaya yake. Aprili ile Sayyid Barghash alifanya jambo ambalo babu zake hawakuweza kulifanya. Alimpelekea Kaisari wa Ujerumani simu ya kupinga, moja kwa moja, akishika kwamba nchi zile ni zake. Wakati huo huo alimtuma Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi lake, Kilimanjaro, kuwaomba wakuu wa huko wapandishe bendera ya Unguja. Na Witu, ambako Sultani Ahmad aitwaye Simba alikuwa amewapa ardhi ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, na kutaka himaya yao, alitayarisha askari wa kwenda kumrudisha chini ya utii.

Lakini waya haukuchukua simu zake tu. Ulichukua pia amri za London kwa Balozi John Kirk, rafiki wa Sultani wa miaka mingi, kwamba asiwapinge Wajerumani. Zamani Kirk angalifanya alivyoona, akaeleza baadaye kwa barua. Barua ingalifika mambo yamekwisha. Sasa aliamriwa asubuhi na kuulizwa jioni. Na waya wenyewe, kuanzia Bawe mpaka mwisho wake, ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza, na makarani wake ndio waliozipokea simu zote, za Sultani na za wasiomtakia heri.

Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri, zikaielekeza mizinga mjini. Katika msafara huo alikuwamo Bibi Salme, yule karani wa 1859, ambaye alikuwa ameolewa na Mjerumani wa Hamburg na sasa ni mjane. Ndugu wawili hao hawakuonana. Sayyid Barghash alipewa muda wa saa kuhesabika, akakubali.

MSTARI WA TANA

Yaliyofuata yalifanywa London na Berlin. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886 serikali hizo mbili zilipeana hati. Sultani aliachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kuanzia mto Minengani karibu na Ruvuma mpaka Kipini, na bandari kadhaa za Banadiri. Witu ikatolewa, pamoja na pwani kutoka Kipini mpaka ghuba ya Manda. Bara likagawanywa, na mpaka wa kaskazini wa sehemu ya Waingereza ukawa ni mto Tana. Mto huo ushukao ukipita Chewele, kisha Hola na Garsen, mpaka Kipini, ukafanywa mstari wa kalamu. Mpokomo aliyevuka kwa mtumbwi kwenda shamba lake la ng'ambo, au Muorma aliyewanywesha ng'ombe, hakuambiwa kwamba amevuka kutoka upande wa dola moja. Watu waliouchora mstari huo hawakupata kuiona Chewele. Desemba 7 Sayyid Barghash akakubali.

Wako wasemao kwamba waya ndio uliomponza, kwamba angalikaa bila ya Bawe angalibaki mbali na mikono ya Ulaya. Mimi siafikiani nao. Simba wa Witu hakuwa na waya, na nchi yake ilichukuliwa vile vile, tena kabla. Wakuu wa Usagara hawakuwa na waya, wakapoteza zaidi. Kosa la waya ni jingine. Ulimwondolea Sayyid Barghash kitu kimoja alichokuwa nacho baba yake, nacho ni muda. Sayyid Said aliweza kuahidi, kuahirisha, kusafiri Maskati, na kurudi mwaka mwingine mambo yamepoa. Barghash hakuweza. Mataifa makubwa yalizungumza yenyewe kwa yenyewe usiku, na asubuhi yeye akaletewa jawabu la swali ambalo hakuulizwa.

Wala hakuwa mtu wa kuonewa tu. Alikuwa mkali, na mkono wake ulikuwa mzito kwa wasiokubaliana naye, hata katika dini. Watu wa Mombasa wanalo jina la Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni aliyetiwa gerezani kwa amri yake, na hakutoka ila Sayyid Barghash alipofariki. Sheikh huyo ndiye mzazi wa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Mtawala aliyeupa mji maji bure alimnyima mwanachuoni uhuru, na yote mawili yamo katika hesabu yake.

SIKU ZA MWISHO

Mei 1887 alikodisha pwani ya Mombasa kwa chama cha William Mackinnon, ambacho baadaye kikawa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Afya yake ilikuwa imevunjika. Mwanzo wa 1888 alisafiri Oman kutafuta hewa na dawa katika nchi ya wazee wake. Hakupata nafuu. Alirudi Unguja, na usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1888 akafariki dunia, umri wake yapata miaka 51. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alipokufa baba yake, habari ilifichwa usiku mzima na ilichukua majuma kufika Bombay. Habari ya kifo chake yeye haikuhitaji jahazi wala meli ya barua. Ilipita Bawe, ikaingia baharini, na ndugu yake Khalifa bin Said akakalia kiti katika mji ambao sasa London iliusikia ukipumua.

Miaka michache tu baadaye, karibu na 1890, nyaya nyingine zililazwa kutoka Unguja kwenda Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka wa 1893 nyingine ikaenda Shelisheli na Morisi. Kampuni ikajenga nyumba yake kubwa Shangani, ambayo baadaye iligeuzwa hoteli. Mwezi Juni 2009 waya mwingine, TEAMS, wa nyuzi za kioo badala ya shaba, ulitua Mombasa kutoka Fujairah, baada ya kulazwa karibu kilomita 5,000 kupitia bahari zile zile. Ulitoka katika matangi ya mviringo, ukapita penye gurudumu lenye breki, ukashuka tezi na ulegevu wake. Na Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, intaneti ikawa nzito katika Afrika Mashariki yote, na meli ya matengenezo ikaenda kuzikokota kwa kulabu.